Wosia wa mzee ulikuwepo, lakini ulikufa kabla yake

Nianze na kitu ambacho wakili alituambia pale Kakamega, watoto watano wa mzee mmoja tumejipanga kwa benchi moja, tukabaki kama watu waliomwagiwa maji. Ukishaoa au kuolewa, wosia ulioandika kabla ya hiyo ndoa umebatilika. Hakuna haja ya kuuchoma wala kuurarua, ndoa yenyewe inaumaliza, isipokuwa kama uliandika wazi ndani yake kwamba unauandika ukitarajia kufunga ndoa na fulani na umtaje huyo fulani kwa jina. Si maneno ya kibarazani haya, iko kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika Kenya tangu 1981, yaani sisi wote kwa hiyo benchi tulikuwa tumeishi chini yake maisha yetu karibu yote na hakuna aliyewahi kuisikia.

Naandika kwa sababu kila nikiongea na watu, wa Nakuru ninapoishi na hata wa nyumbani Malava, nasikia ile ile, "mzee wetu aliandika, sisi tuko sawa." Aliandika lini? Tangu aandike ameoa, ameuza nini, amezaa nani? Hapo watu wananyamaza.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wale wa zamani wa kupiga mstari kwa rula hata juu ya bahasha. Mama yetu mzazi alifariki 2006. Miaka michache baadaye jirani yetu akafa, na kabla matanga hayajaisha mashemeji walikuwa wamemtoa mjane kwa nyumba, akaondoka na godoro limefungwa nyuma ya bodaboda na watoto wakimfuata kwa miguu. Baba aliona hiyo kitu kwa macho yake. Hakusema neno, lakini mwaka huo huo, 2009, akaenda sokoni kwa mtu wa kupiga chapa, akaandikiwa kurasa mbili, akatia sahihi, mashahidi wawili wakatia sahihi, akaweka kwa bahasha ya kaki ndani ya lile sanduku la makaratasi yake ya ualimu.

Ukweli ni kwamba kwa mwaka huo ulikuwa wosia mzuri. Boma la Malava kwa kitinda mimba kama desturi yetu. Ekari mbili na nusu alizonunua mwenyewe zigawiwe sisi watano na Trizah, na Trizah achukue kipande cha juu karibu na barabara. Vyumba vya kupangisha vya Kiamunyi, Nakuru, mimi na dada yangu. Ploti ya Njoro kaka mkubwa. Baba mdogo apewe ng'ombe wawili na robo ekari kwa vile alisaidia kulipa karo yetu.

Trizah ni mtoto wa marehemu shangazi yetu mmoja, alikuja kwetu akiwa hata hajaanza shule, baba akamlea, akamsomesha, kwa kitabu cha kanisa yumo na kwa meza yumo. Kwetu sisi ni dada. Kwa makaratasi ya serikali, kama tulivyokuja kujua, ni mambo mengine.

2013 baba akaoa tena. Harusi ya kanisani, cheti na kila kitu, mjane mwenzake wa kanisa, na tulicheza sana hiyo siku kwa sababu mzee alikuwa ameanza kukauka na upweke. Yule tunamwita Mama mpaka leo na ni haki yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyefikiria bahasha. Baba mwenyewe nadhani aliifikiria kidogo, maana tulipokuja kuifungua tulikuta ameisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Ploti ya Njoro ameipiga mstari, pembeni ameandika "imeuzwa 2015". Chini kabisa ameongeza, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, "Mama naye akumbukwe." Hakuna sahihi, hakuna tarehe, hakuna shahidi.

Sukari ilimsumbua miaka, mwishowe 2018 akalazwa Eldoret. Siku moja akiwa na nguvu kidogo akamwambia senje, dada yake aliyebaki, kwamba kile kipande cha juu ni cha Trizah, asije mtu akamsumbua. Senje akaitikia, akamfunika vizuri, akatuambia jioni kwa simu. Wiki chache baadaye baba akatuacha.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu watu wengi huku kwetu wanategemea maneno ya kitandani. Wosia wa mdomo Kenya unakubalika, lakini uwe umesemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema afariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme, akipita hapo maneno yake hayana nguvu tena. Kwetu miezi mitatu haikufika. Shahidi ndiye aliyekuwa mmoja. Angekuwepo hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliyesikia vizuri na akakubali kuja kuapa, tungekuwa na kitu cha kusimamia. Tena wosia wa mdomo hauwezi kushindana na wa maandishi ulio halali, kwa hiyo usidhani utamwita mtoto pembeni umnong'onezee kitu tofauti na ulichoandika halafu kisimame. Kama mgonjwa wako ana jambo la kusema kuhusu mali, ita watu wawili wasiopata chochote hapo, wasikilize, na ikiwezekana iandikwe na asaini hapo hapo. Inaonekana kama ukatili kumfanyia mgonjwa hivyo. Mimi nimeona ukatili wa kutofanya.

Tulizika, na siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee wakakaa chini ya mwembe kama kawaida, wenye madeni wakajitokeza, mmoja akadai mbolea ya mwaka fulani, mwingine akasema yeye ndiye anadaiwa na akalipa mbele ya watu, nikamheshimu sana. Halafu senje akatoa bahasha. Kaka mkubwa akasoma kwa sauti. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama, na kadiri majina yalivyosomwa yake hayakuja, nikamwona anakunja pembe ya leso na kuikunjua, anaikunja tena. Ile sentensi ya kalamu nyekundu ilipofika, mzee mmoja wa ukoo akauliza, "akumbukwe na nini?" Hakuna aliyejibu.

Baba mdogo naye akasema hapo hapo kwamba wasichana walioolewa hawawezi kupewa nyumba za Nakuru, eti mali itahamia kwa watu wengine. Nilitaka kujibu nikanyamaza, haikuwa mahali pake. Lakini kwa faida yenu: sheria haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa, na Katiba ya 2010 imeweka wazi usawa huo. Ukiambiwa vingine chini ya mwembe sikiliza kwa heshima halafu uende kortini.

Basi tukaenda kwa wakili tukijua ni mambo ya kupiga muhuri tu. Akasoma kurasa mbili, akarudi ya kwanza akaangalia tarehe, akauliza, "Mzee alioa huyu mama mwaka gani?" Tukamwambia. Akaweka karatasi chini.

Kwanza ndoa, hiyo nimeshasema. Lakini akatuonyesha kwamba hata bila ndoa tungekuwa na shida, na hizi nazieleza moja moja kwa sababu ndizo nimeziona kwa wosia wa watu wengine tangu hapo. Baba mdogo aliyeachiwa ng'ombe na robo ekari ndiye alikuwa shahidi wa pili. Ukishuhudia wosia unaokupa kitu, wosia wenyewe unasimama lakini zawadi yako inaanguka, na hata ya mume au mke wako inaanguka, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili huru zaidi yako. Baba mdogo akasema hiyo ni sheria ya wazungu. Ploti ya Njoro ilikuwa imeuzwa, na kitu kisichokuwepo siku unakufa hakigawiki, maana yake kaka mkubwa angetoka mikono mitupu na hakuna anayelazimika kumfidia. Yale masahihisho ya kalamu nyekundu hayana nguvu, mabadiliko yoyote baada ya kusaini yanatakiwa yasainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Na boma la Malava, hili ndilo liliniuma, taito bado ilikuwa kwa jina la babu aliyekufa nikiwa mtoto. Baba alikuwa anagawa shamba ambalo kwa rejista halikuwa lake. Ilibidi saksesheni ya babu, yaani kesi ya urithi wake, ifanywe kwanza, na hapo baba zetu wadogo na watoto wao wote wanaingia, wengine wako Kitale wengine hata simu hawashiki.

Kwa hiyo mbele ya sheria baba alikuwa amekufa bila wosia. Nilikasirika na hiyo sheria, nikaona imetudhulumu. Lakini usiku nikifikiria nikakubali kitu kimoja: kama ule wosia wa 2009 ungesimama vile ulivyo, Mama angetoka kwa nyumba aliyomuuguzia mzee bila hata kijiko, au itabidi atuburute kortini aombe fungu kama mke aliyesahauliwa, jambo ambalo sheria inamruhusu. Yaani tungekuwa wale mashemeji wa bodaboda na godoro, tofauti ni kwamba sisi tungekuwa na karatasi ya kutuunga mkono.

Mtu akifa bila wosia akaacha mke na watoto, mke anachukua vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali inayobaki anakuwa na haki ya kuitumia maisha yake, hawezi kuiuza anavyotaka, na baada yake inagawiwa watoto sawa kwa sawa. Kama mzee alikuwa na wake wengi ni hesabu nyingine, inagawiwa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto na kila mke anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Waislamu, na kwetu upande wa Mumias wako wengi, wana utaratibu wao wa Kadhi na wosia wao hauvuki theluthi ya mali, kwa hiyo nisijifanye mjuzi hapo.

Trizah sasa. Kwa hiyo hesabu ya bila wosia nafasi ya Trizah haikuwa wazi. Si mtoto wa kuzaliwa, hakuasiliwa kortini, ni mpwa wa marehemu. Mlango tulioonyeshwa ni ule wa mtegemezi, kwamba mtu aliyechukuliwa na marehemu kama mtoto wake na alikuwa akitunzwa naye mpaka anakufa anaweza kuomba korti impe fungu, na ombi liingie kabla granti, ile karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, haijathibitishwa. Baada ya hapo mlango umefungwa. Trizah wakati huo alikuwa ameanza kibarua Kisumu, amepanga Nyalenda, kwa hiyo kaka mkubwa akaanza kusema "alikuwa anajitegemea, si mtoto wa mzee." Maneno hayo yalisemwa Trizah akiwa ametuletea chai. Alirudi jikoni akaosha vikombe vyote, hata visafi.

Nitapita haraka kwa utaratibu wenyewe. Unaanza kwa chifu, na kwetu liguru, mzee wa kijiji, anakwenda nawe kwa sababu ndiye anajua nani ni nani, chifu anaandika barua inayotaja walioachwa wote. Wote. Kuna anayejaribu kumwacha mtoto wa nje kwa hiyo barua, na ndiyo kesi nyingi zinavyozaliwa. Unapata cheti cha kifo, unafanya sachi ya kila shamba ofisi ya ardhi, wakati ule ilikuwa shilingi 500 kila moja, unajaza fomu za korti, tangazo linatoka kwa Gazeti rasmi la serikali, lile linalotoka Ijumaa, siku 30 za mtu yeyote kupinga. Hakuna aliyepinga, granti inatoka. Lakini granti peke yake haikupi ruhusa ya kugawa kitu. Unangoja miezi sita ndipo uombe ithibitishwe, na hapo ndipo korti inaandika nani anapata nini. Ukiweka na ile ya babu, yetu ilikula miaka. Pesa, tukijumlisha wakili, ofisi ya ardhi, sorveya na nauli za watu wa kutoka Kitale, ilipita laki tatu na nusu. Kwa wosia wa kurasa mbili ambao ungeandikwa upya 2013 kwa pesa ya mbuzi.

Na katikati ya hapo usiguse. Ndugu yangu mmoja alikuwa ameanza kukusanya kodi ya vyumba vya Kiamunyi na ameuza ndama, si kwa ubaya, alisema ni ya kulipa madeni ya mazishi. Wakili akamwambia wazi kwamba kushika mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa, faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote viwili. Tukafungua akaunti, kodi ikawa inaingia huko na daftari la kila mwezi linatumwa kwa grupu ya familia. Hilo daftari lilituliza ugomvi kuliko kikao chochote cha wazee.

Vitu vidogo ndivyo vilinifunza zaidi. Kwa Sacco ya mzee, mtu aliyeandikwa kuchukua akiba yake ni mama yetu mzazi, aliyekufa 2006. Hakubadilisha ile fomu miaka yote hiyo. Angeandika jina la Mama hapo, au la Trizah, pesa ingetoka bila kungoja korti, maana Sacco inamlipa aliyependekezwa. Badala yake ikaungana na mali nyingine zote. Alikuwa pia amenunua hisa za Safaricom zilipotolewa kwa umma 2008 kwa shilingi 5 kila moja, kama walimu wengi, na hakuna aliyejua mpaka Mama alipotoa karatasi chini ya godoro, gawio lilikuwa likitumwa kwa sanduku la posta la shule aliyostaafu. Pesa za namna hiyo zikikaa sana bila mwenyewe zinapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA, na zinarudi ukithibitisha, lakini kwanza lazima ujue zipo. Na lile jina la jamaa wa karibu unaloandika kwa benki au hospitali, halimfanyi huyo mtu mrithi. Ni mtu wa kupigiwa simu tu.

Ilimalizika vipi? Korti inakubali warithi wote wakikubaliana namna nyingine ya kugawa, mradi kila mmoja asaini. Tulikaa Malava, kaka mkubwa bado anakataa Trizah, ndipo Mama akaongea, na Mama si mtu wa kuongea. Akasema, "Wanangu, nyinyi mlikuwa Nakuru na Nairobi. Huyu ndiye alikuwa anampeleka baba yenu kliniki kila mwezi, mpaka nauli anaikopa. Kama hayumo, mimi pia msiniweke." Kaka akatoka nje, akakaa muda, akarudi akaomba kalamu. Trizah ana kipande chake cha juu, nusu ekari, taito kwa jina lake. Mama yuko bomani maisha yake yote, kitinda mimba ameandikwa pamoja naye. Vyumba vya Kiamunyi ni vyetu watano, si vyetu wasichana wawili kama baba alivyotaka. Hilo nimelikubali, ingawa siwezi kusema linanifurahisha.

Kabla hata granti ya baba haijathibitishwa nilikuwa nimeandika wangu. Nina agroveti ndogo hapa Nakuru, ploti moja, Sacco, na watoto, wa kwanza nilimzaa kabla sijaolewa. Huyo ndiye aliyenikosesha usingizi. Mama mkwe aliposikia akasema najichulia, mwanamke mwenye afya anaandikaje wosia, kwani kuna nini anaficha. Nikamwambia, "Mama, hata bima ya duka nimelipa na halijaungua." Akacheka kidogo, hatujaliongea tena.

Wakili alinitoza shilingi 15,000. Sheria haikulazimishi uwe na wakili, unaweza kuandika mwenyewe kwa mkono ilimradi una miaka 18 na akili timamu, usaini, na mashahidi wawili au zaidi wakuone ukisaini au uwathibitishie sahihi ni yako, nao wasaini mbele yako. Sheria hailazimishi mashahidi wawe pamoja lakini mimi niliwaweka wote chumba kimoja dakika moja, jirani yangu wa duka na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Hawakusoma ndani na hawakuhitaji kusoma, wanashuhudia sahihi yangu tu. Kama unayeandika ni mzee sana au mgonjwa, pata barua ya daktari siku hiyo hiyo kwamba akili ilikuwa sawa, maana hilo ndilo jambo la kwanza wapinzani watalikimbilia.

Ndani nimeandika nambari za taito, si "shamba la kule chini". Nimeandika majina ya watoto wote kama yalivyo kwa cheti cha kuzaliwa, na wa kwanza nimemtaja wa kwanza. Nimemteua dada yangu awe mlezi wa wadogo kama mimi na baba yao hatupo, hilo linaruhusiwa kwa wosia. Kuna kifungu cha kwamba chochote kingine nitakachokuwa nacho ambacho sikukitaja kigawiwe hivi na hivi, baba angekuwa nacho kingesaidia sana, kwa sababu huwezi kutabiri utanunua nini. Kuna mstari unaofuta wosia zote za awali. Msimamizi nimemweka Trizah, nikamuuliza kwanza kama atakubali, usimwandike mtu kwa mshangao. Anajua nakala halisi iko kwa wakili gani na ana nambari yake. Hajui yaliyomo yote. Usijaribu pia kumnyima kabisa mke, mume au mtoto ukadhani wosia umemaliza, korti inaweza kuingia na kumpa fungu, na kesi hiyo italipwa na mali ile ile unayojaribu kulinda.

Mambo ya mazishi nimeyaweka kwa barua tofauti. Sisi wa magharibi tunaijua ile ya S.M. Otieno, wakili mkubwa Nairobi, alifariki Desemba 1986 na mke wake akasema mumewe alitaka kuzikwa Ngong, ukoo ukasema Siaya, kesi ikafika Korti ya Rufaa na akazikwa Nyalgunga Mei 1987, mwili umekaa mochari miezi mitano. Maiti haihesabiwi kama mali, kwa hiyo unachoandika kuhusu mazishi ni ombi, korti inaweza kulisikiliza au ukoo ukashinda. Ongea nao ukiwa hai.

Tangu niandike nimeshabadilisha, mtoto wa mwisho alipozaliwa. Ilikuwa ni kuandika upya wote na kusaini upya na mashahidi, sikutaka viraka vya nyongeza ingawa vinaruhusiwa vikishuhudiwa sawasawa, na ule wa zamani tukaurarua. Wiki hiyo hiyo nikapitia fomu ya Sacco na ya bima, jina kwa jina. Nikinunua, nikiuza, akizaliwa mtu, akifa mtu niliyemtaja, akiachana mtu au akioa, narudi. Wakati hakuna kilichotokea nausoma Desemba tukiwa Malava, kwa sababu hapo watu wote wako na naona nani yuko na nani ameongezeka.

Kaka mkubwa ndiye alinipigia juzi kuniomba nambari ya wakili, na ameoa mara ya pili mwaka jana, kwa hiyo nimemtumia kabla hata hajamaliza kuniambia. Bwanangu bado. Anasema mwezi huu, halafu mwezi huo unakwisha. Taito ya shamba letu la Njoro imetoka majina mawili, na kabla sijalisahau, mkinunua pamoja uliza imeandikwa vipi, kuna ile ambayo mmoja akifa yote inabaki kwa mwenzake moja kwa moja na haigusi wosia, na kuna ile ya kila mtu na sehemu yake anayoweza kumwachia amtakaye. Yetu ni ya kila mtu na sehemu yake, na nusu ya bwanangu haina maandishi yoyote nyuma yake. Wiki ijayo naenda kuongeza yangu. Amesema atanipeleka na gari, na nimeshamwambia wakili aweke viti viwili.